Nakala ya Mzee Anayetubu

Mwalimu Achitsa alisema: nakilini. Msiongeze, msipunguze.
Anayetaka kubuni angoje mwaka wa tatu.

Mzee wangu nilimpata kwa kijana wa saiba, Ngara,
karatasi moja, shilingi arobaini.
Wino mwekundu ulikuwa umeishia mashineni,
joho likatoka na rangi ya maharagwe yaliyolala,
na kwa kuwa picha ilikuwa pana kuliko karatasi
mzee akakatwa mkono wa kulia, hapo kwenye kifundo.
"Si uso ndio wa maana?" kijana akauliza,
akinihesabia chenji.

Turubai ni amerikani. Nimeiwamba mwenyewe
juu ya mbao za kitanda cha mtoto kilichovunjika,
nikaipaka gundi, nikaipaka kahawia nyembamba kama chai ya rangi,
nikangoja. Julai ya Nairobi haikaushi hata soksi.

Nikaanza na giza, kama tulivyofunzwa.
Wale wa kale hawakuchora mtu, walichora usiku
kisha wakaupasua kidogo upande wa kushoto:
paji, pua, chozi moja.
Yaliyobaki wakamwachia mwenye kutazama.

Paji likanigomea.
Nyeupe, njano ya udongo, wekundu kidogo tu,
kama unavyotia chumvi kwenye chungu cha mgonjwa wa presha.
Mara tatu nimelikwangua kwa kisu,
mara tatu mzee akanirudia na homa ya manjano.

Lakini kivuli, kile cha chini ya kidevu,
nilichanganya udongo uliochomwa, buluu chembe, wekundu chembe,
nikaweka, kikakaa.
Nikasimama pale brashi ikinidondoshea mafuta kiatuni.
Rangi hii naijua.
Ni shavu la baba saa nne asubuhi,
ameinamia soli ya mtu, jua limemwangukia.
Pale fundi yule alipozimia taa
ndipo kwetu panapopambazuka.

Sikumwambia mwalimu. Angesema: nakili.

Mkono, sasa.
Jumapili nikamketisha baba juu ya ndoo, mlangoni.
"Weka mkono kifuani. Hapana, kama mtu anayeumwa."
"Naumwa kweli. Mgongo."
Akaitazama karatasi. "Huyu analia nini?"
"Dhambi zake."
"Za lini?"
"Miaka kama mia nne."
Akafikiri, gundi ya viatu ikinuka mikononi mwake.
"Na bado hajasamehewa?"

Nikachora ukucha wa gumba, mweusi tangu nyundo ya Krismasi,
nikachora kovu la uzi wa nta kwenye kidole cha shahada.
Kabla sijafika kiganjani baba akasinzia,
mkono ukateleza hadi gotini.
Kiganja nilikimalizia kwa kukumbuka.

Ijumaa nikaibeba picha mbichi kwa miguu
hadi ng'ambo ya mzunguko wa Globe, uso ukitazama nje,
maana ungenitazama mimi tungeharibiana.
Watu walitupisha. Mama mmoja akanipa pole,
alidhani natoka kuchukua picha ya marehemu.
Nikamwambia asante.
Tulipofika, mbu alikuwa amenasa juu ya nyusi ya mzee.
Nimemwacha. Ukimwondoa, anaondoka na nyusi.

Mwalimu alivaa miwani, akaivua, akaivaa.
"Uso, sawa. Joho umenakili ubovu wa mashine.
Mkono huu umeutoa wapi?"
"Ulikuwa umekatwa, mwalimu."
Akasogea karibu sana na ule ukucha,
akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye chozi.
Hamsini na nane. Na nyuma, kwa penseli: *mkono si wake.*

Sasa mzee yuko juu ya kitanda cha baba,
chumba kizima kinanuka mafuta ya kitani.
Kila jioni baba akirudi huweka boksi la nyundo chini,
humgusa gumba kwa gumba,
kisha hujitazama kidoleni.
"Bado," huniambia.
"Huyu mtu bado mbichi."